Deki ya Kumsikilizia Kogo

Juzi Mama alinishikisha kanda ya video iliyofungwa kwa leso, akaniambia, "Ndani kuna nyanya yako. Ukiiharibu, usirudi hapa." Alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mdomo tu. Picha za nyanya tunazo tele ukutani. Sauti yake ndiyo hatuna, na Mama alikiri, macho chini, kwamba ameisahau. Sauti ya mama yake mzazi! Ilibaki kwenye kanda hiyo moja.

Basi nikashuka Kericho mjini kutafuta mashine ya kuihamishia kwenye kompyuta. Wewe, nilidhani ni kazi ya kuingia dukani na kutoka! Kumbe kuna kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kidogo kama kiberiti, na kuna mashine yenye kioo chake inayohifadhi picha yenyewe. Lakini vyote havina pa kutia kanda. Lazima kwanza upate deki, ile mashine ya kuchezea kanda, na deki siku hizi hazitengenezwi tena. Mwenye duka alinitolea mbili za mitumba, moja iking'aa na remoti yake ingali kwenye nailoni, nyingine kuukuu, nzito, imekwaruzwa kila mahali. Macho yangu yalikuwa kwa ile ya kung'aa, sitakuficha. Tukaijaribu kwa kanda ya kwaya aliyokuwa nayo. Ikaitafuna papo hapo, utepe ukatoka nje kama matumbo ya kuku.

"Ai, na kama ingekuwa yako!" akasema.

Ile kuukuu ikacheza kwaya nyingine mpaka mwisho bila kukohoa, nikaibeba pamoja na kile kidude.

Nyumbani nilipofungua leso, moshi ulinijia puani na utoto wote ukaja nao. Nyanya, kogo kama tulivyomwita, alikuwa na dari juu ya meko, na kila cha thamani kilipanda huko: mbegu za mahindi, wimbi, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Kanda hii, ya arusi ya mama mdogo, ilipoletwa, ikapanda pia. Mama mdogo alilia ati itayeyuka. Kogo akamjibu kwamba mbegu hukaa hapo na bado huota, na maneno yakaishia hapo. Jameni, tulivyomcheka! Lakini unajua unyevu wetu wa huku kwenye chai. Kanda za majirani, zilizowekwa kwenye kabati za vioo, ziliota ukungu mweupe zikatupwa. Ya kogo iligeuka rangi ya kahawia tu.

Tuliitazama mara ya kwanza kwa jirani yetu mwalimu, aliyekuwa na deki na televisheni ya betri ya gari. Tulitoka kuchuma chai moja kwa moja, vidole vyeusi kwa utomvu, mvua ya mawe ikipiga mabati. Mama mdogo alikuwa amekaa nasi kwenye benchi, na papo hapo anatembea kwenye kioo na shela lake! Nilisahau kufunga mdomo. Kisha nyuma ya bibi arusi akapita ng'ombe wa kogo, yule aliyekufa kiangazi kilichotangulia, akitafuna nyasi bila wasiwasi. Kogo alisimama.

Nyumba ya meko ilishabomolewa, na mahali pake ni majani chai. Jumapili, baada ya kanisa, niliunganisha waya sebuleni kwa Mama. Kwanza mistari, kisha kijani kibichi, kisha wageni. Halafu kogo akaja karibu kabisa na kamera, kiganja juu ya macho, akaita, "Chamgei!"

Salamu ya mzee kwetu haiachwi hewani. Mama aliinuka kutoka kochini. "Chamgei mising," akaitikia, kwa sauti ya msichana ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kisha akangoja, kichwa ameinamisha, kwa sababu baada ya salamu mzee huuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Lakini mpiga picha alikuwa ameshageuza kamera kuelekea kwenye keki.

Mama hakuketi.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Sijamaliza kumsalimia."