Kofia ya Mwanga ya Fundi Kaza

Wateja walimwita Kaza, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa msusi. Mtu akisukwa na Kaza anaoga, anasafiri, anagombana na mumewe na kupatana naye tena, na mistari bado iko vilevile. Kweli, siku ya kwanza huwezi kucheka vizuri kwa jinsi uso ulivyovutwa, na ukienda kulala hujui kichwa ukilaze upande gani, lakini nani alilalamika? Saluni kwake ukiguna, unaambiwa utulie. Ukiguna tena, unagongwa utosini na mkia wa kitana, kwa upendo.

Kichwa alichokisuka kuliko vyote ni cha binti yake. Alikianza nywele zilipofika tu urefu wa kushikika, na mtoto akawa tangazo la saluni linalotembea. Sasa mtoto ni mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, na kuanzia kwenye komwe hadi juu ya masikio ngozi imebaki tupu. Kaza alipoliona pengo mara ya kwanza, lilikuwa dogo. Akavuta nywele za nyuma akazileta mbele, akalifunika. Likakua, naye akavuta zaidi. Kufunika ndiyo kazi aliyoijua, tena aliijua vizuri mno.

Kisha siku moja kilemba cha mwalimu kikamvuka ubaoni, na darasa zima likaangua kicheko. Binti alirudi nyumbani amekishika kilemba kwa mikono miwili. Alikuwa na mchumba, fundi wa majokofu, mtu mpole aliyekuwa akimbembeleza wapange siku ya harusi.

"Siwezi kuolewa na mtu ambaye hajakiona kichwa changu," binti alimwambia mama yake. "Na hiki kichwa simwonyeshi mtu."

Hapo ndipo kofia ilipoingia. Kaza aliiona kwenye simu: ngumu kama ya mwendesha pikipiki, ndani imejaa taa nyekundu za leza. Mwanamume mwenye kipara anaivaa, picha inayofuata ana nywele za kuchania. Mtu mwingine angeuliza ni nani aliyepiga picha hizo na zilipigwa lini. Kaza hakuuliza. Aliuza mashine moja ya kukaushia nywele, akaiagiza kofia.

Maelezo yake yalisema mwanga lazima ufike kwenye ngozi. Kaza akafikiri kama msusi: mwanga unataka njia. Basi akamsuka binti mistari myembamba ya kurudi nyuma, akaikaza mpaka ngozi ikaonekana wazi katikati ya mstari na mstari. Kila Jumapili alifumua na kusuka upya, kwa sababu mstari ukilegea nywele zinatanda na kuuzuia mwanga. Akimaliza anamvisha binti kofia na kukaa mbele yake, macho yamemtoka, kama mtu aliyebandika sufuria la uji akisubiri lichemke.

"Naviona vinyweleo," alisema kila alipomvua.

"Kweli, mama?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Hakuwa akidanganya. Aliviona, kwa jinsi alivyovitaka. Vilipotoka vipele mbele ya komwe alisema ni nywele zinatafuta pa kutokea, na binti akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Miezi ikapita hivyo. Mwishowe mchumba, pamoja na upole wake wote, akasema ama wapange siku ama aambiwe kama hatakiwi, ajue moja. Binti akakata shauri kwenda kwa daktari wa ngozi. Kaza akasema hatoki peke yake, akaitia kofia kwenye mfuko mkubwa. Alikuwa na swali lake: kama ipo yenye nguvu zaidi, aiuze hii akanunue hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimketisha binti karibu na dirisha, akawasha taa ndogo, akaanza kupitisha kioo cha kukuza juu ya komwe. Kaza alikaa kwenye kiti cha ukutani, amekumbatia mfuko, roho juu. Daktari alipopita upande wa pili na bado hajasema kitu, Kaza akashindwa kuvumilia.

"Samahani, daktari. Hizi kofia za leza zinafanya kazi au hazifanyi?" Akaitoa, akaipakata.

Daktari aliitazama bila dharau. "Kwa baadhi ya watu zinasaidia kidogo. Nywele zinazopungua kwa kurithi, mzizi ukiwa bado hai, mwanga unaweza kuuamsha. Tafiti zipo, ingawa nyingine zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Na inatakiwa uvumilivu. Lakini mzizi ukishakufa, hakuna taa ya kuufufua."

"Na wake?"

"Wake si wa kurithi." Daktari akamgeukia binti. "Hizi zimevutwa. Na zinavutwa bado, hivi vipele ni vya wiki hii. Umekuwa ukitumia kofia huku umesukwa namna hii?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili mwanga upite."

Daktari akaweka kioo chini. "Aliyekupa wazo hilo ni nani? Nani anakusuka?"

Maisha yake yote mtu akiuliza nani amemsuka binti huyu, yeye ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Nabadilisha mafundi," binti akasema, macho yake dirishani. "Leo huyu, kesho yule."

"Basi waache wote. Huyu wa mwisho ndiye amekumalizia. Pembeni hapa kuna makovu, hapa sikudanganyi, hapaoti. Pale mbele bado kuna uhai. Zikiachwa zilegee, zisivutwe na mtu yeyote, zinaweza kurudi."

Daktari akaanza kuandika dawa ya vipele. Kaza angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa hatua chache, binti alishamfichia, na daktari asingemwona tena maishani.

"Fundi ni mimi," akasema.

Kalamu ikasimama. Binti akafumba macho.

"Ni mimi, daktari. Hajabadilisha mafundi hata siku moja. Nilimsuka mimi, tangu mdogo."

Daktari hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma Kaza zaidi. Alimwambia tu kwamba mistari ile ifumuliwe leo, taratibu, na kwamba akina mama wengi huja na kisa kama hicho.

Walipofika saluni, Kaza alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo halijapata kutokea. Mteja mmoja akagonga, akaita, "Kaza, si tuliahidiana? Unikazie pembeni!" Kaza hakuitika mpaka mteja akaenda zake. Kisha akakaa kwenye kiti chake, na binti akakaa chini kwenye mto, mgongo katikati ya magoti ya mama, kama walivyokaa siku zote.

Kaza akanyoosha mkono kwenye komwe. Kabla kidole hakijagusa, shingo ya binti ikakakamaa na kichwa kikakwepa. Kidogo tu. Kaza alikuwa ameiona shingo hiyo ikikakamaa miaka yote, na miaka yote alisema, "Tulia, acha ukaidi," akagonga na kitana.

"Ilikuwa inauma?" akauliza.

"Ilikuwa inauma, mama."

"Hata Jumapili hizi za kofia?"

"Hizo ndizo zilizozidi."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilipokuwa mdogo nilisema. Halafu nikaacha. Na hii ya kofia, ulikuwa unafurahi. Kila ukinivua unasema umeviona."

Kaza alilia bila kutoa sauti, na machozi yakadondokea kwenye mistari aliyoisuka mwenyewe. Alitaka kuomba msamaha, lakini maneno yote yaliyomjia aliyaona mepesi.

"Ukimaliza usinifunge kilemba," binti akasema.

"Kwa nini?"

"Nimemwambia mchumba wangu aje. Yuko njiani."

"Hivihivi?"

"Hivihivi, mama. Aone palipo na nywele na palipobaki tupu, halafu aseme siku."

Kaza akajifuta uso kwa kiwiko. Akaanza na mstari wa komweni, kwa ncha za vidole, polepole kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote. Ulipofunguka aliondoa mkono, akangoja mpaka shingo ya binti yake ilegee, ndipo akaomba ruhusa ya kugusa wa pili.