Bata wa Mama Moses

Hapa Ihanja watu wakitaka kumcheka Emiliana husema ana mtoto mchanga wa miaka miwili. Mtoto mwenyewe ni bata. Nimeishi jirani na huyu mama miaka kumi na minne, nami ndiye ninayejua kwa nini bata yule anabebwa, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke nikiwa sipo.

Emiliana ni mjane wa miaka sitini na tano, amesomesha watoto wanne kwa alizeti na kuku wa kienyeji. Sisi tunamwita Mama Moses, kwa jina la mwanawe mkubwa. Kuku anawajua kuliko anavyotujua sisi. Lakini bata hakuwahi kufuga mpaka dada yake Selina alipomletea mmoja kutoka Itigi, jike jeupe lenye madoa meusi mgongoni. Emiliana akamfanyia kile anachomfanyia kila kuku mgeni: akamfunga kamba mguuni na kumweka chini ya kichanja cha vyombo, akae siku tatu nne azoee nyumba, asije akatoroka. Huku kwetu kila mtu hufanya hivyo. Mguu wa kuku ni mkavu, kamba haiufanyi kitu. Wa bata ni laini, na kamba ile ilikuwa ya nailoni, ya kushonea magunia. Tena macho ya Emiliana yalikuwa yameshaanza ukungu, akaikaza kwa kupapasa.

Kesho yake ikaja taarifa kwamba kaka yake amefariki Manyoni. Akaniita uani.

"Mama Gasto, niangalizie kuku wangu. Na huyo mgeni umpe maji."

Alisema anakwenda siku tatu. Msiba ukawa na mambo yake, akakaa tisa.

Sasa niseme langu. Kuku niliwalisha. Bata nilimpa maji na pumba. Siku ya nne nikaona mguu umevimba kama andazi na kamba imezama ndani ya nyama. Niliiona kabisa. Sikuifungua, kwa sababu kwetu ndege mgeni hufunguliwa na mwenye nyumba. Jirani akimfungua, husemwa kwamba atahamia kwa huyo jirani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefungua tetea la mama mmoja kwa huruma zangu tu, likaja kutaga kwangu, nikaitwa mwizi mbele ya watu wote kisimani. Nikajiambia, Rebeka, safari hii usiguse cha mtu. Na simu nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilikuwa bado na hasira za yule mama wa tetea, akazilipa bata asiyehusika.

Emiliana aliporudi, wayo ulikuwa mweusi na umekufa. Bwana mifugo wetu, Fredrick, akaukata kwenye kifundo, akapaka dawa, akanawa mikono.

"Mama, huyu sasa ni wa supu," akasema. "Bata mzito hivi hawezi kutembea kwa mguu mmoja."

"Supu utakunywa kwako," Emiliana akamjibu. "Nilimfunga mimi, nitambeba mimi."

Akambeba kweli. Kila asubuhi humwosha kile kigutu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akakifunga kitambaa cha kanga kuukuu kilichotiwa pamba. Humlaza juu ya majani makavu, na kila baada ya muda humgeuza ubavu, kwa sababu bata akilalia kifua siku nzima huota vidonda. Mchana humweka kwenye beseni kubwa la maji, na humo ndimo unapoweza kusahau kwamba ni kilema: anaelea, anapiga maji kwa mguu wake mmoja, anazunguka zunguka na kulowesha kila anayepita. Emiliana hukaa pembeni akimkatia mchicha. Kanisani huja amechelewa, na kwenye harusi huondoka kabla ya chakula. Mimi nilikuwa nikiyaona hayo yote juu ya ukuta, roho inanisuta, nami nanyamaza.

Yakaenda hivyo miaka miwili, mpaka jicho la kulia likafunga kabisa na la kushoto likabaki la kutofautisha mchana na usiku. Moses akamtafutia nafasi hospitali ya mjini Singida, atolewe mtoto wa jicho. Angekaa wiki moja kwa Moses, Utemini, na huko mwenye nyumba hataki hata paka. Emiliana akakataa kwenda.

"Mara ya mwisho nilipomwacha, nilikuta mguu umeoza," akamwambia mwanawe kwenye simu, nami nasikia. "Nikimwacha tena nitamkuta amekufa. Acha nipofuke."

Majirani wakasema bibi amechanganyikiwa. Mimi nililia jikoni kwangu. Mtu alikuwa anapoteza macho kwa sababu ya kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu, nami nilitaka kumwomba aniachie bata aende akatibiwe, ila nilijua nikilisema hilo hataniachia hata kwa dakika moja. Lakini mficha uchi hazai. Nikaenda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alikuwa amempakata bata, anapapasa kigutu kwa vidole.

"Ile kamba niliiona, Mama. Siku ya nne tu niliiona imezama. Niliogopa kuitwa mwizi, nikaiacha."

Vidole vikasimama. Bata akaanza kuhangaika.

"Umeniacha miaka miwili nijilaumu peke yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Toka kwangu."

Nikatoka. Siku mbili hakuitikia salamu yangu, na sikumlaumu. Siku ya tatu asubuhi nikasikia mtu anapapasa mlango wangu. Ni yeye, bata kamfunga mgongoni kwa kanga.

"Nimefikiria sana," akasema bila kuketi. "Wengine nikiwaachia wataona ni bata tu. Wewe unajua alivyoumia. Maji yasiwe ya moto. Na usilale mpaka umemgeuza."

Akaenda Singida. Mimi wiki hiyo shamba nililisahau. Nilimwosha, nikamgeuza, nikaloweshwa, nikang'atwa, na Gasto wangu akauliza kama na yeye avunjike mguu ndipo apikiwe kwa wakati. Siku ya nane Emiliana akashuka kwenye basi peke yake, jicho moja limefunguka, anatembea bila kupapasa.

Hakuingia kwake, alikuja moja kwa moja kwangu. Akaketi kwenye mkeka, akampakata bata, akafungua kitambaa mwenyewe. Miaka miwili alikuwa akikijua kile kigutu kwa vidole tu. Sasa akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kila upande: mfupa ulivyochomoza, ngozi ilivyojikunja.

"Kumbe nilimkata hivi."

"Tulimkata, Mama."

Akasogea, nikapata pa kukaa. Yeye akaushika mguu, mimi nikafunga kitambaa kipya, na kila nilipozungusha aliingiza kidole kuhakikisha hakibani.