Sikio la Ndoo

Kabla sijafika kwa aibu yangu wacha nianze na ya mjomba wangu Barasa, maana ya mtu mwingine husemeka kwa urahisi. Mjomba alipewa kitanda cha chuma na mzungu mmoja wa Longonot aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, kitanda kizito chenye vichwa vya shaba, tukakibeba watu wanne mpaka nyumbani, na kufika mlangoni kikakataa kuingia. Sasa mtu mwingine angefungua skurubu za kitanda. Mjomba alichukua msumeno akakata mlango. Kitanda kikaingia vizuri sana, akalala kama gavana, lakini tangu siku hiyo mlango haukufungika tena na mbuzi wakawa wanalala naye chumbani (shangazi alihamia jikoni, na alikuwa na haki yake). Tulimcheka miaka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Wekeni hicho kitanda kando, tutakirudia.

Mimi wakati huo nilikuwa dereva wa trekta upande wa Njoro, katika shamba la ngano na ng'ombe lililonunuliwa na watu wa shirika baada ya mzungu kuondoka. Shamba la mzungu lilikuwa na bwana mmoja. Hili la shirika lilikuwa na mabwana zaidi ya mia, kila aliyenunua hisa ni mwenye shamba, na kila mwenye shamba akipita lazima asimamishe trekta yake akwambie ulime huku usilime kule. Mimi sikuwa na hisa. Lakini mwenyekiti, Mzee Kimani, aliniahidi mbele ya kamati yote kwamba kwa vile nimewatumikia bila kulalamika, kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi jina langu litasomwa kutoka kitabu cha wanachama na nitapata ekari mbili kando ya mto. Ekari mbili, jamani. Nilikuwa nimeshazitembea kwa miguu, najua hata mahali pa kupanda viazi.

Trekta ilikuwa na loda mbele, mikono miwili ya chuma, na mwisho wa mikono kuna fremu tuliyoiita uso. Ndoo ya kuchotea ilikuwa na masikio mawili nyuma, unayaingiza kwenye uso, unapiga pini mbili, kazi imeisha, na ukitaka uma wa nyasi unachomoa pini unabadilisha kabla chai haijapoa. Kitu kizuri kabisa. Jumatano Mzee Kimani akanionyesha kisiki cha mkaratusi hapo mahali turubai la mkutano litasimama, akasema kiondoke. Nikamwambia kisiki huchimbwa na jembe na shoka, hakisukumwi na loda. Akaniambia, "Sukuma, Dereva. Hiyo trekta si ya baba yako." Na ni kweli haikuwa ya baba yangu, basi nikasukuma, na uso wa loda ukapinda upande wa kulia vidole vitatu kurudi nyuma, ndoo ikadondoka, na kisiki hakikutikisika hata kidogo. Unajua mzee alisema nini? Alisema nimeharibu mali ya wananchi. Nimeharibu mimi!

Na mkutano wenyewe ulikuwa unaitegemea hiyo loda. Kulikuwa na maneno kwamba kamati imekula trekta, kwa hivyo mwenyekiti alitaka wanachama waione kwa macho ikiinua mbolea ya boma mbele yao. Akanipa mpaka Ijumaa jioni, loda iwe imepona, la sivyo jina langu lingoje mkutano mwingine. (Mkutano mkuu ulikuwa unafanyika wakipenda.)

Alhamisi yote nilipiga ule uso. Niliuchoma kwa makaa mpaka ukawa mwekundu, nikaupiga na nyundo ya kuvunja mawe, wenye shamba wamenizunguka kila mtu na shauri lake, huyu anasema piga juu, huyu anasema piga chini, mmoja aliyekuwa mwalimu wa kwaya akasema piga polepole kwa mpigo, na chuma kile cha wazungu kikaniangalia tu. Ijumaa mkono wangu haukuinuka kwa maumivu. Hapo ndipo nilipowaza jambo dogo, dogo sana. Uso ni chuma kinene, lakini masikio ya ndoo ni membamba. Nikawasha mashine ya kuchomelea aliyoiacha mzungu, nikakata sikio la kulia la ndoo, ndoo nzima isiyo na kosa lolote, nikalichomelea upya likafuate uso uliopinda. Pini zikaingia zote mbili. Nikapaka grisi pahali pa kidonda. Mzee Kimani alipokuja jioni akauliza, "Umenyoosha?" Nami nikasema, "Nimenyoosha, mzee." Neno moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jumamosi watu wamejaa, akina mama mbele na miavuli, meza ya kamati imewekwa kitambaa, katibu amefungua kitabu cha wanachama, na mimi juu ya trekta na shati lililopigwa pasi. Mara pikapu inaingia kutoka Nakuru. Ni Fundi Mohinder, yule Kalasinga aliyejua vyuma vya Bonde la Ufa zima, na nyuma kabeba uso mpya wa loda. Kumbe mwenyekiti alikuwa ameuagiza tangu Alhamisi na hakumwambia mtu, ati alitaka kuwashangaza wanachama. Na mimi niliyekuwa napiga nyundo mpaka mikono imevimba sikustahili kuambiwa?

Nikasema huu wa zamani uko sawa, tuuache. Fundi akainama, akaangalia kwa jicho moja, akasema, "Hii bado pinda. Nani nasema nyooka?" Nikatazama milima. Wakafunga uso mpya, tukaleta ndoo, pini ya kushoto ikaingia, ya kulia ikakosa tundu kwa vidole vitatu. Watu wakaanza. Mmoja akasema uso mpya ni mbovu, mwingine akasema Fundi ametuletea wa trekta ingine, na maskini Fundi Mohinder akawa anapima na kupima, jasho linaingia kwenye ndevu, anakula lawama yangu, na mimi nimefunga mdomo. Kisha akapitisha kidole kwenye grisi, akaona kidonda. Alimwambia mwenyekiti kwa sauti ya chini, "Leo usiinue hii."

Mwenyekiti akatazama umati, akaniambia nifunge sikio na waya niinue. Nilikataa mara moja, mnisikie, nilikataa. Akasema, "Unataka jina lisomwe au hutaki?"

Nikafunga waya. Nikachota mbolea mbichi, nikainua, wanachama wakapiga makofi, na juu kabisa waya ukakatika, ndoo ikaning'inia kwa sikio moja, ikageuka pole pole kuelekea kwenye meza. Hakuna aliyeumia, walikimbia wote, hata wale wa miguu mibaya. Lakini kile kitambaa, zile chupa za soda, na kile kitabu, vyote vilifunikwa. Katibu alikitoa kitabu kwa vidole viwili, akapangusa ukurasa na mkono wa koti, akauliza kama mtu asiyeona kilichotokea, "Mwenyekiti, hili jina la Dereva nilisome?"

Mzee Kimani akajibu, "Jina gani?"

Mpaka leo nakasirika, na sijui nikasirikie nani kwanza. Kisiki nilikikataa, waya niliukataa, na vyote nilivifanya. Lakini sikio nililikata peke yangu, bila kutumwa na mtu, mimi niliyemcheka Mjomba Barasa. Nimeapa sitakata tena kizima kifuate kilichopinda, na kama sijanyoosha nitasema sijanyoosha.

Nilizima injini, nikaacha ufunguo pale pale, nikashuka. Nilimpa Fundi mkono, akaupokea. Kisha nikapita katikati ya watu, nikapita kile kisiki kimesimama pale pale na mtu amekitundikia koti lake, nikashika barabara ya Njoro. Mshahara wa mwezi ule sikuuendea. Zile ekari mbili sijui nani alizipata, wala kama alipanda viazi, maana sijakanyaga huko tena.