Ng'ombe wa Generoza Kwenye Mti wa Noeli

Wapo mpaka leo wanaosema Generoza alimuuza mdogo wake siku ya Krismasi, ndani ya kanisa. Wengi wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, benchi la pili upande wa wanawake, na kwa kuwa midomo yao haichoki, acha na mimi nitumie wangu.

Generoza alikuwa mjane wa hapa Sapiwi, mkulima wa pamba kama sisi sote, ila mikono yake iliijua sindano. Masista walimfundisha kudarizi akiwa msichana. Kila Desemba alishona mapambo ya mti wa Krismasi wa kigango chetu: vipande vya kitambaa vyenye ukubwa wa kiganja, mbele picha ya nyuzi, nyuma kitambaa kitupu, ndani kashindilia pamba fifi, ile chafu ambayo wanunuzi huikataa. Juu anatia kitanzi. Sisi tulikata tawi la mvinje, tukalisimamisha kwenye debe la mchanga, na bila vile vitambaa lingebaki kuwa tawi kwenye debe.

Miaka ya mwanzo alidarizi nyota na malaika. Katekista wetu, Selestini, akataka ngamia wa mamajusi. “Wewe ngamia umemwona wapi?” Generoza akamuuliza, akaenda zake akadarizi ng'ombe. Wala si ng'ombe wa kubuni. Alidarizi ng'ombe anaowafahamu, baka kwa baka, na pembe iliyopinda aliipinda. Sasa mpe Msukuma picha ya ng'ombe uone. Watu tulianza kuwahi misa ili tuone ni ng'ombe wa nani ametundikwa mwaka huo. Mzee mmoja alinuna hadi Pasaka kwa sababu fahali wake aliachwa. Ulikuwa upuuzi, lakini tuliupenda.

Mdogo wake, Bundala, alilelewa naye. Mama yao alifariki Bundala akiwa bado ananyonya, Generoza akaacha shule, akambeba mgongoni. Basi ikaja miaka ya tisini, biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakafika na mizani zao, mitumba ikajaa gulioni, na kila kijana mwenye baiskeli akajiita mfanyabiashara. Bundala akajiita mfanyabiashara wa ng'ombe, anatoka mnada huu anaingia ule. Kwa hilo simlaumu. Na alimpenda dada yake: kila akirudi alimletea sweta za mitumba za rangi kali, Generoza anazifumua, anapata nyuzi nyekundu na za kijani ambazo dukani kwetu hazikuwepo.

Mwaka wa tisini na tano, mvua za kwanza zilipoanza, Bundala alimletea ng'ombe mwenye mimba. Alisema kamnunua kwenye mnada wa Mkula, amtunzie kwa muda. Kumweka ng'ombe kwa ndugu ni jambo la kawaida kwetu, hakuna anayeuliza. Ila aliongeza kwamba asimchunge mbali na nyumba. Neno hilo lilimkaa Generoza vibaya, akalimeza. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweusi, ana baka jeupe kutoka begani hadi gotini, na sikio moja limechanika. Alizalia mikononi mwa Generoza, kwa taabu kubwa, na ndama alikuwa mwekundu. Kwa furaha aliyokuwa nayo, Generoza akawadarizi wote wawili kwenye kitambaa kimoja, mama na mtoto. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizotuonyesha. Baada ya wiki chache Bundala akawahamishia kwa rafiki yake.

Jioni ya mkesha, mti ukiwa umeshapambwa na Selestini kafunga kanisa, Bundala alikuja kwa dada yake jasho likimtoka. Alikuwa amechungulia dirishani mwa kanisa.

“Dada, kitoe kile kitambaa cha ng'ombe na ndama.”

“Kwa nini?”

“Kitoe tu.”

Hapo Generoza alijua ng'ombe ni wa wizi, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Sungusungu wa miaka ile, walinzi wetu wa kijiji, hawakuwa na mzaha na mwizi wa ng'ombe. Aliyekimbia na kukamatiwa porini hakurudi nyumbani akiwa mzima. Akamwahidi mdogo wake kwamba atakitoa mapema, kanisa likifunguliwa tu.

Asubuhi alipofika, alimkuta mwanamke mgeni amesimama mbele ya mti na ufagio mkononi. Alikuwa Milembe wa Ipililo, aliyekuja kula sikukuu kwa binti yake aliyeolewa kijijini kwetu, na alikuwa anamshikia binti huyo zamu ya kufagia.

“Mwangaluka, mayu,” Generoza akamwamkia Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

“Mwangaluka.” Milembe hakugeuka. “Huyu ni ng'ombe wangu. Hilo sikio lilichanwa na mbwa wetu. Aliibwa akiwa na mimba, nami nina wajukuu yatima waliokuwa wanangoja maziwa yake.” Akamgusa yule ndama mwekundu kwa kidole. “Kumbe alizaa.”

Generoza alikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba alimwona mnadani na wala hajui ni wa nani.

“Alizaa salama?” Milembe akauliza.

Generoza aliniambia baadaye kwamba angeulizwa habari za mwizi, angedanganya hadi kiama. Lakini yule mama alimuulizia ng'ombe.

“Kwa taabu,” akajibu. “Mguu wa ndama ulikunjika. Nilimzalisha mimi. Ni jike.”

Akisha kusema hayo, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu iliyofagiliwa nusu. “Ni mdogo wangu. Nimemlea mimi, mayu. Ukipiga yowe sasa hivi atakimbia, na wakimfuata porini watamuua. Wamkamate hapa, mbele ya padre na watu wote, ataishi.”

“Na akikimbia kabla?”

“Hatakimbia. Nitamkalisha.”

Milembe akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akakitoa kitambaa mtini, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akatoka kwenda kumtafuta Selestini na mkubwa wa sungusungu.

Misa ilikuwa imeshaanza Bundala alipotokea mlangoni. Alisimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nilimwona akiutazama mti tawi kwa tawi. Hakuona alichokitafuta. Akaangaza macho, akamtafuta dada yake.

Generoza alikuwa amekaa nami bega kwa bega. Akageuka, akamtabasamulia. Akamwonyesha kwa kichwa nafasi upande wa wanaume, mbele kabisa. Na Bundala akatabasamu vile alivyokuwa akitabasamu akiwa mtoto, akaja, akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo. Nyuma yake wanaume waliovaa nguo za sikukuu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, hadi mabenchi ya karibu na mlango yakajaa.

Hawakumpiga. Aliwaonyesha alikowaficha, na ng'ombe na ndama wakarudi Ipililo. Kijiji kilimtoza faini na kumtenga, akahamia Geita, akaoa, ana watoto. Generoza hakudarizi tena ng'ombe yeyote.

Mwaka juzi nilikwenda Geita msibani, nikamkuta Bundala, nikampa salamu za dada yake. Alinivutia kiti nikae. Halafu akaniuliza, “Bado anatabasamu?”

Niliporudi Sapiwi nilimwambia Generoza kwamba mdogo wake anamsalimia sana. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akanishukuru.