Raundi Mia Moja na Syombua

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta kuukuu hutoa harufu kama ya nywele zilizosogelea moto. Wiki iliyopita harufu hiyo ilinipata kwenye duka la kuchapisha karatasi, nikaacha foleni nikaenda kusimama nje kidogo. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Kabati, nina miaka kumi na minne, na Syombua ameketi kando yangu kwenye benchi, bega kwa bega.

Nawaambia nyinyi habari hii kwa sababu nyumbani kwetu haizungumzwi.

Syombua alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi aliyeolewa Tseikuru. Kiangazi kilipomaliza ng'ombe wao, aliletwa kwetu akiwa darasa la sita, na mfuko mmoja wa nguo na jerikeni ya maziwa ya mbuzi yaliyochachuka njiani. Mama alimpa nusu ya kitanda changu. Nilinuna siku mbili, ya tatu nikamzoea.

Kompyuta ilitoka ofisini kwa Baba, walipokuwa wakiondoa mashine za zamani. Ndani yake mtu alikuwa ameacha mchezo wa kujenga falme. Mlicheza kwa zamu. Ulipewa wakulima wawili na askari mmoja, ukatupwa mahali kwenye ramani iliyofunikwa giza, na ulivyotembea ndivyo giza lilivyofunguka. Kila mlipoanza upya, mashine ilitunga dunia nyingine kabisa, na ilitunga kama mlevi. Tuliona mito iliyopanda mlima. Tuliona theluji imepakana na jangwa, ndovu wakila nyasi juu ya barafu, dhahabu katikati ya ziwa ambapo hakuna ambaye angeweza kuifikia. Siku moja niliwekwa kwenye kisiwa chenye samaki watatu na bila mti hata mmoja wa kuchonga mtumbwi. Nilikaa humo mchezo mzima.

"Aki Mwende, hiyo si nchi, ni jela!" Syombua alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi.

Yeye akitupwa penye ukame hakulalamika. "Hapa ni kwetu," alisema, akaanza kazi. Mimi nilikimbilia kulima. Yeye alifuga kwanza, akatafuta kisima, akahamisha watu wake kabla malisho hayajaisha. Mara nyingi alinishinda akiwa na mchanga na mimi nikiwa na mto.

Kabla ya kuanza kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuandika namba. Tulikiacha kitupu siku zote, na mashine ikajichagulia. Lakini likizo moja, Syombua akiwa ameenda kuwaona wazazi wake, niligundua kwamba kila ramani ina namba yake. Ukiiandika tena namba hiyo, dunia ileile hurudi, na mito yake na visima vyake vyote. Namba 4417 ilikuwa tamu kupita zote. Mchezaji wa kwanza alianzia pale mito miwili inapokutana, na nyuma ya kilima kulikuwa na dhahabu. Niliiandika kwenye kalenda ya ukutani, nikamwita Baba aje aone.

Baba hakuwa mtu wa michezo, lakini siku hiyo aliinama akatazama.

"Na yule wa pili huwekwa wapi?"

"Kwenye mchanga, Baba. Hana mto wala mti. Ana kisima kimoja tu, mbali."

"Aha," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Mwaka tuliomaliza darasa la nane, kanisa letu lilipata wafadhili wa kusomesha watoto sekondari ya bweni, mtoto mmoja kwa kila nyumba. Syombua alikuwa amenipita alama nne. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimjua kwa kusema haki hata inapouma. Jioni moja nilimsikia Mama akipepeta kunde nyuma ya jiko.

"Wako ni mmoja, na unamjua," alisema.

"Na dada yangu nitamwambia nini?" Baba akamjibu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alituita. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Akasema alama zetu zimekaribiana mno na yeye hawezi kumpendelea yeyote, basi tucheze raundi mia moja, na atakayekuwa na pointi nyingi, jina lake ndilo litakalopelekwa. "Mashine haina upendeleo," akasema. Kisha akatuombea. Aliomba kwa muda mrefu kwamba mapenzi ya Mungu yaonekane, na sote tukaitika amina.

Akaketi mwenyewe kuandaa mchezo, akiandika kwa kidole kimoja, mgongo wake umetukinga tusione. Mimi nikawa mchezaji wa kwanza, kwa kuwa nilimzidi Syombua miezi miwili. Baba akanipisha. Giza likafunguka, nikaona mito miwili ikikutana.

Nisiwadanganye. Kitu cha kwanza kunijia kilikuwa furaha. Hofu ilifuata nyuma. Niligeuka kumtazama Baba, naye alikuwa akipangusa miwani yake kwa ncha ya shati, kwa makini sana.

Zamu ya Syombua ilipofika, alitazama mchanga wake kwa muda. Halafu aliinua macho, akamtazama Baba, si mimi. Akarudi kwenye mchezo.

Alicheza jinsi alivyojua. Alifuga kondoo penye majani ya kuhesabika. Alikipata kisima kile cha mbali mapema kuliko nilivyotarajia, akajenga mji kando yake. Kufikia raundi ya sitini alikuwa nyuma yangu kwa pointi chache tu, na bado alikuwa akipanda. Mama alipitia mlangoni mara mbili.

Kisima cha Syombua kilikuwa bado gizani upande wangu, askari wangu hawakuwa wamefika huko, nami nisingepaswa kujua kilipo. Niliwatuma moja kwa moja. Walikata jangwa kwa mstari ulionyooka, na raundi ya sabini na kitu wakachoma mji wake.

Baba alikohoa. "Endeleeni," akasema.

Tuliendelea mpaka mia. Syombua alibaki na wakulima wawili wakizungukazunguka mchangani, na kila zamu yake aliwasogeza hatua moja kama kwamba wana mahali pa kwenda. Mwisho akasimama, akanyoosha sketi yake. "Asante, Anko," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Januari nilipanda gari la bweni na sanduku jipya la bati. Wiki hiyohiyo Syombua alirudishwa Tseikuru kwa mbuzi wa baba yake. Kanisani Baba alisifiwa kwamba aliwapa watoto wote wawili nafasi sawa.

Tulionana tena mwaka jana, tukimzika shangazi. Baba hakuja, alisema miguu inamuuma. Syombua, mama wa watoto watatu sasa, ndiye aliyekuwa akigawa chai. Nilimfuata kando ya moto, nikaanza kueleza habari ya zile raundi mia moja.

"Nilijua tangu raundi ya kwanza," akasema, akikoroga sufuria. "Namba uliiandika ukutani, Mwende. Nilikuwa nimeshaicheza. Nilidhani umeniandikia na mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningelala wapi?"

Kwa miaka mingi nilijituliza kwamba hakujua, au alijua akasamehe. Nilifikiri pia kwamba Baba alifanya vile kwa kunipenda, na labda ni kweli. Angeweza kusema tu, huyu ni mtoto wangu, namchagua yeye. Syombua angelia, na angekuwa na haki ya kulia. Badala yake Baba alimfanya acheze mpaka mwisho mchezo ambao tayari ulikuwa umeisha, kisha ashukuru. Na mimi, ambaye ningetosheka na mito miwili, nilienda kumchomea mji wake wa kisimani. Hilo Baba hakunituma.

Syombua alinijazia kikombe, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Sukari inatosha?" akauliza.

Nikamwambia inatosha. Akapita kwa mtu aliyefuata.