Kaburi la Mzee Anselm

Jenoveva alichuma chai katika shamba la Bulwa, milimani kwa Washambaa, miaka kumi na tisa, vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu. Lakini karatasi zilisema ametoka Msumbiji, akiwa mgongoni kwa baba yake, Anselm. Uhuru ulipokwisha kutulia ikaja amri: wageni wa mashamba warudi kwao. Kwao wapi, jamani?

Chama cha wafanyakazi wa chai kikaungana na kina mama wa kanisa, wakapeleka malalamiko mjini, wakafukuzwa, wakaenda tena. Katibu wao, Nathanaeli, alikuwa king'ang'anizi kama kupe. Hoja yake moja tu: aliyezika mtu wake katika ardhi hii si mgeni. Mwishowe wakubwa wakalegea. Sheria itarekebishwa, leteni orodha ya makaburi, afisa atakuja kuyakagua.

Jenoveva hakuwa na kaburi. Baba yake aliteremka tambarare, shamba la Mnazi, kukata mkonge, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili yuko kimya. Atakuwa amekufa, alijiambia. Basi akachimba nyuma ya nyumba, akafukia shimo tupu, akapanda masale juu kama Washambaa wanavyowawekea wafu wao, akaandika jina msalabani. Kumbe Nathanaeli, kwa wema wake, akaja na kina mama kuliombea. Kila mmoja akatupa konzi ya udongo. Wakazika hewa kwa sala zote za maiti!

Wiki ile kaburi likaanza kutitia. Akijaza udongo leo, kesho limebonyea, kana kwamba chini kuna jeneza linaoza. Jenoveva aliogopa mpaka chakula kikamshinda, lakini akanyamaza. Angesema ukweli, orodha nzima ingetupwa, na familia mia mbili zilikuwa ndani yake.

Afisa alifika saa nne asubuhi, ukungu haujainuka. Ndiyo kwanza anashika muhuri, akatokea mzee upande wa kaburini, udongo mwekundu mabegani.

"Mwanangu," alisema, "mbona umeniita?"

Afisa akamgeukia Jenoveva. "Unamfahamu huyu?"

Kengeza la jicho la kushoto lilikuwa lile lile, na chale za Kimakonde zile zile. Mungu shahidi, Jenoveva alitamani kumrukia shingoni. Akawatazama kina mama waliosimama mlangoni wakisubiri.

"Shikamoo, mzee," alisema, kama anamsalimu mpita njia. Kisha akamwambia afisa, "Simjui. Baba yangu amelala pale."

"Marahaba," mzee aliitikia. Akatazama kidole cha Jenoveva kilikoelekea, akaenda huko huko kaburini.

Tangu siku hiyo kaburi halikutitia tena.