Baluni za Watoto wa Watu

Eucabeth Obura hakuficha dharau yake. Alikudharau mbele ya macho, na ukimpa kisogo hakubadilisha neno. Alidharau mafundi wanaoshona hema kwa uzi wa nguo. Alidharau pasta wa plot ya pili, anayehubiria waumini kumi kwa spika mbili kubwa kuliko madhabahu. Lakini dharau yake ya kwanza, ile ya kuamka nayo na kulala nayo, ilikuwa ya wazazi.

"Wazazi wa siku hizi," angesema akikaza macho kwenye kazi, "wamezaa watoto ndio wapate mtu wa kupiga picha."

Na aliwajua vizuri, maana ndio waliomlisha. Kazi yake ilikuwa kuziba yale majumba ya kuruka ya watoto, bouncing castle, yakipasuka. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mtaa wa Rhonda, kando ya barabara, na ndani kilinuka gundi na plastiki iliyoungua. Baba yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, akazeeka akiwasema mabosi wake kwamba hawajui hata kufunga nati. Mali hakuacha. Aliacha huo mdomo, na binti akaurithi wote.

Mtu mmoja tu aliponyoka mdomo huo, naye ni Kimberly, mjukuu wake. Mama ya mtoto, Trizah bintiye Eucabeth, alikuwa Doha akifanya kazi za nyumba, na pesa ya shule ikitoka huko. Kimberly alilelewa kibandani, akijua gundi kabla ya kujua kusoma. Siku moja mgeni alimuuliza akikua anataka kuwa nani, akajibu bila kufikiri, "Fundi, kama dani." Dani ni nyanya, kwa lugha ya kwao. Eucabeth alijifanya hajasikia, lakini siku hiyo aliimba mpaka jioni. Umri ulikuwa umeenda, macho yameanza kumsaliti, na duniani alibakiwa na haja moja: huyu mtoto aishike kazi, tena aishike kwa kuipenda.

Basi ikaja ile habari ya gwaride. Mwalimu Kipkorir wa Gredi ya Tano alitangaza kwamba watoto watapita katikati ya mji, kila mmoja amebeba baluni kubwa ya mnyama juu ya kijiti cha mwanzi, baluni aliyoitengeneza mwenyewe. Mtoto, kwa mikono yake, kwa vitu vya nyumbani. Aliwarudia wazazi maneno hayo kwenye mkutano, akayarudia tena, maskini wa Mungu, akidhani anaongea na watu wenye masikio.

Jioni hiyo hiyo Jemutai, Mama Shantel, alikuwa mlangoni pa kibanda na mtoto wake.

"Mama Trizah, niokoe na hii kitu ya shule."

"Shantel anataka mnyama gani?"

"Nani, Shantel? Huyu hajui kitu. Fanya tu flamingo. Itatoka poa kwa picha."

Shantel alikuwa amesimama pale pale kama mzigo unaosubiri kubebwa. Nyuma yao akaja Sitati, mwenye duka la vipuri, akitaka simba mkubwa kuliko simba wa wengine wote.

"Na mtoto atambeba aje, huyo simba?"

"Nitambebea mimi," akasema Sitati kwa kiburi, na hakuona mbona Eucabeth anamtazama juu chini.

Walipoondoka Eucabeth akasonya mpaka bati likasikia. Wavivu! Watu wazima na akili zao, wanaenda kununua ubunifu wa mtoto kama wanaonunua mandazi! Akawasema wote, mmoja mmoja, na kazi zao akazichukua zote. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Eucabeth aliipenda sana methali hiyo, na kila siku alikuwa na mtu wa kumvisha.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua plastiki ya greenhouse, ile nyepesi inayobaki mashamba ya Dundori yakibadilisha paa. Unakata vipande viwili sawasawa, unavilaza pamoja, unaweka gazeti juu, halafu unapitisha pasi pembeni polepole. Pasi ikiwa baridi, haishiki. Ikizidi moto, inatoboa. Eucabeth alipitisha pasi bila kuangalia, huku akiwasema watu.

Pembeni mwake, juu ya kreti ya soda, Kimberly alikuwa akipitisha yake. Alimchagua nyani, kwa sababu nyani wa mbugani waliwahi kuingia jikoni kwao wakatoka na ugali wote pamoja na mwiko. Alimchora kwa makaa, akamkata, akakosea, akamkata tena. Aliungua kidole, akakitia maji, akarudi. Mkono mmoja wa nyani ulitoka mrefu kuliko mwingine, kichwa kikalala upande, na kwapani alivuja hewa mpaka Kimberly akamziba kwa viraka vya tyubu ya baiskeli.

"Hii ni nyani ama ni gunia la viazi?" Eucabeth akamtania.

"Ni nyani ameshiba, dani. Si alikula ugali yetu!"

Wakacheka wote wawili mpaka mwenye kibanda cha jirani akaja kuuliza kuna nini. Shuleni Kimberly alikuwa hanyamazi juu ya huyo nyani. Hata Mwalimu Kipkorir alijua habari za mwiko.

Siku mbili kabla ya gwaride Jemutai alikuja kuchukua flamingo wake. Na haki ya Mungu alikuwa ni flamingo: shingo imejikunja vizuri, rangi ya waridi ya kupulizia, mshono hauonekani. Jemutai akampiga picha mara moja. Halafu jicho lake likamwangukia nyani aliyening'inia msumarini.

"Ai, na hii takataka ni ya nani?"

"Ya Kimberly."

"Ya Kimberly wako? Wewe, fundi mzima?" Jemutai akacheka, akafunika mdomo. "Na sisi tulikuwa tunaogopa mjukuu wako atatushinda. Kumbe!"

Hilo "kumbe" lilimwingia Eucabeth kama mwiba. Jemutai! Mwanamke asiyejua kushikilia sindano! Eti huyo ndiye wa kumcheka yeye? Usiku kucha aliligeuza neno lile kichwani. Mji mzima utamwona mjukuu wa fundi amebeba kile kitu chenye viraka, na watu watasema nini? Watasema fundi ameisha.

Ijumaa, Kimberly akiwa shule, Eucabeth alimkata twiga. Plastiki ilikuwa imeishia kwa simba wa Sitati, na shingo ya twiga haikutosha. Akatazama msumarini. Hakusita sana, tuseme ukweli. Alimshusha nyani, akamtoa hewa, akang'oa viraka, na kwa tumbo la nyani akapata shingo nzima na masikio. Jioni twiga alisimama mlangoni akigusa bati, na hajawahi kuonekana twiga kama huyo Rhonda.

Kimberly aliingia, akatazama twiga, akatazama msumari, akatazama vipande sakafuni.

"Si ni mzuri?" Eucabeth akauliza.

"Ni mzuri, dani."

"Sasa huyo Jemutai acheke tena."

Mtoto hakulia. Aliokota viraka vyake vya baiskeli, akavitia mfukoni mwa sweta, akaenda kubadilisha uniform.

Jumamosi gwaride likapita, na lilikuwa la kuchekesha mno. Katikati ya barabara walitembea akina baba na akina mama wamebeba wanyama wakubwa, na kando yao watoto wao wakitembea mikono mitupu kama wapita njia. Sitati alivuja jasho chini ya simba wake. Upepo ulipokuja na vumbi lake, ndovu wa mtu alianza kuishiwa hewa na hakuna mtoto aliyejua amguse wapi. Eucabeth alitembea na umati akifurahia kila aibu.

Uwanjani Mwalimu Kipkorir akapanga watoto, akamtaka kila mmoja aeleze alivyotengeneza. Shantel akaimba uongo aliofunzwa: nilichora, nikakata, nikaunganisha. Mama yake alikuwa akisogeza midomo pamoja naye. Mwalimu akafika kwa Kimberly, akamtazama twiga, akashangaa.

"Kimberly, na nyani yuko wapi?"

"Dani alimkata."

"Alimkata?"

"Alikuwa mbaya. Hii ni kazi ya dani. Mimi nimebeba tu."

Alisema bila hasira, kama anayetaja jina lake. Wazazi waliangua kicheko, Jemutai akiwa wa kwanza, na Eucabeth aliyewasema hao watu miaka yote akajifanya anafunga upya kilemba chake. Mgeni wa heshima alifika baadaye, amechelewa, hakusikia lolote, akampa twiga zawadi ya kwanza. Kimberly alipokea zawadi yenyewe, seti ya rangi, akavuka uwanja, akaiweka mikononi mwa nyanya yake. "Ni yako," akasema, akaenda kusimama na wenzake.

Njiani kurudi Eucabeth alijaribu mzaha, hakucheka mtu. Akajiambia ni kisirani cha mtoto, kitaisha na ugali.

Jumatatu alipanda mpaka Dundori mwenyewe, akarudi na plastiki mpya, safi, ya kutosha nyani watatu. Kimberly alipotoka shule alikuta kreti ya soda imepanguswa, makaa ya kuchorea yamewekwa, pasi iko moto.

"Kim, kuja tumfufue yule mwizi wa mwiko. Mkono mrefu na yote. Mimi sigusi, nitakaa tu."

Kimberly aliweka begi chini. Akaitazama plastiki, akapitisha kidole juu yake kidogo, kile kidole alichoungua, akakiondoa.

"Tengeneza tu wewe, dani," akasema kwa upole. "Yangu itatoka mbaya."

Akachukua kitabu chake akaenda kukaa nje, jua lilipokuwa. Eucabeth alibaki ameshika pasi, akitafuta mtu wa kumsema, na kibandani hakukuwa na mtu ila yeye.